Warriors Hawana Tatizo la Wazee, Wana Tatizo la Vijana Kuzeekea Benchi

Msimu wa 2025/26 ulipoanza, Stephen Curry alikuwa na miaka 37. Jimmy Butler 36. Draymond Green 35. Na wakati mashabiki wa Golden State Warriors walikuwa wanasubiri waletewe damu mpya, wakatambulishiwa Al Horford, mzee baba wa miaka 39. Mitandaoni utani ukaanza palepale. Eti msimu huu benchi la Warriors litawekewa kochi na chai ya tangawizi. Eti mazoezi yatakuwa yanaanza saa nne maana baridi ya asubuhi inasumbua magoti.

Utani mtamu, watu wamecheka. Ila msimu wa 2025/26 ulikuwa ndio unaanza, na baada ya kucheka kulikuwa na swali ambalo mabosi wa San Francisco walikuwa wamelikwepa kwa miaka mitano. Hivi timu inayotegemea watu wa umri huu inaelekea wapi?

Mashabiki wamegawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema enzi zimeisha, wazee wapewe "thank you" kama wachezaji wa Kariakoo dirisha la usajili likifunguliwa, timu ianze upya. Kambi ya pili inasema hapana, Curry bado ni Curry, uza kila kitu kinachouzika, tafuta ubingwa mmoja zaidi kabla jamaa hajastaafu.

Kambi zote mbili zinabishana kuhusu wazee, na ndio maana ubishi hauishi. Wazee sio tatizo. Tatizo la Warriors ni kwamba kwa miaka mitano wameshindwa kulea kijana hata mmoja akashika mpira na kuambiwa "hii sasa ni yako". Timu haifi kwa sababu nyota wake wamezeeka, kila mtu anazeeka. Inakufa pale vijana wake wanapozeekea benchi.

Anza na ukweli ambao kambi ya kwanza haupendi. Ng'ombe hazeeki maini. Msimu wa 2024/25 Curry alipiga wastani wa pointi 24.5 kwa mechi. Mwezi Machi 2025 akawa mtu wa kwanza kwenye historia ya NBA kufikisha mitupo 4,000 ya pointi tatu iliyoingia. Mashabiki wa Dar na Nairobi wanaoweka alamu saa 11 alfajiri ili wamwone akicheza nyumbani hawaamki kwa huruma. Wanaamka kwa sababu akivuka tu mstari wa kati, ukuta mzima wa wapinzani unaanza kuweweseka.

Na Butler je? Kabla hajacheza mechi yake ya kwanza mwezi Februari, Warriors walikuwa wameshinda mechi 25 na kupoteza 26. Timu ya katikati tu, haikutishi wala haikuchekeshi. Alipoingia wakashinda 23 na kupoteza 8. Kwenye mtoano wakaitoa Houston Rockets, timu ya vijana wenye mbio na mapafu, kwenye mechi ya saba, tena kwao Houston. Kwa hiyo anayesema wazee hawa wameisha, labda hakuwa anaangalia.

Sasa upande wa pili wa shilingi. Mei 6, 2025, mechi ya kwanza dhidi ya Minnesota Timberwolves. Robo ya pili, Curry anashika paja. Nyama za nyuma ya paja zimevutika. Warriors walishinda mechi ile, halafu wakapoteza nne mfululizo. Msimu ukaishia pale.

Hivyo ndivyo umri unavyofanya kazi kwenye kikapu. Hauji kuchukua kipaji. Mkono wa Curry utaendelea kutupia mpaka akiwa babu. Umri unachukua uhakika. Kijana wa miaka 25 akivutika paja anarudi haraka zaidi, na timu inajipanga upya. Mtu wa miaka 37 akivutika, mpango wote unalala kitandani pamoja naye. Ukiwa na wanne wa aina hiyo, kila usiku unacheza kamari.

Lakini angalia kilichotokea baada ya Curry kuumia, maana kiini cha habari nzima kiko hapo.

Jonathan Kuminga ni mtoto wa Goma, mji wa mashariki ya Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Warriors walimchukua namba 7 mwaka 2021 akiwa na miaka 18. Mwezi Aprili 2025, timu ikipigania kuingia mtoano, kocha Steve Kerr alimweka nje kabisa ya mzunguko. Sio dakika chache, ni sifuri. Mechi zikapita amekaa na nguo za mazoezi. Kisha Curry akaumia, mvua ikaanza kunyesha, ndipo mwavuli ukakumbukwa. Mechi ya tatu dhidi ya Minnesota kijana akapiga pointi 30.

Pointi 30, kutoka kwa mtu ambaye wiki chache nyuma hakuaminiwa dakika moja.

Kerr ana hoja zake na lazima zisikilizwe. Ukiwapanga Kuminga, Butler na Green pamoja, hao ni watu watatu ambao mpinzani hawahofii sana wakiwa mbali na kapu, kwa hiyo Curry anabanwa na msitu wa watu. Kuminga naye ana tabia ya kuushika mpira, akaufikiria, akaupiga chenga hewa, wakati mfumo wa Warriors unataka mpira utembee. Sio malaika. Lakini mchezaji asiyejua mfumo baada ya miaka minne, kosa ni la nani? La mwanafunzi peke yake?

Baada ya hapo kiangazi kizima kikaenda kwenye mvutano wa mkataba. Mwishoni mwa Septemba wakasaini miaka miwili yenye thamani inayofika dola milioni 48.5, huku uamuzi wa mwaka wa pili ukiwa mikononi mwa timu. Mkataba wa aina hiyo unasomeka kama tiketi ya basi, yaani ni suala la lini atapanda.

Na Kuminga sio wa kwanza. Mwaka 2020, baada ya msimu mbaya wa ushindi 15 na vipigo 50, Warriors walipata zamu ya pili kwenye drafti, ile siku timu zinapopokezana kuchagua vijana. Wakamchukua James Wiseman. Aliyefuata namba 3 alikuwa LaMelo Ball. Tyrese Haliburton, aliyeifikisha Indiana Pacers fainali mwezi Juni 2025, alichukuliwa namba 12. Wiseman aliumia, akacheza kidogo, akauzwa mapema 2023 bila kuwahi kueleweka ni mchezaji wa aina gani.

Jordan Poole ndiye aliyekaribia. Ubingwa wa 2022, wa nne kwa Curry, Poole alikuwa na mkono mkubwa ndani yake. Oktoba mwaka huohuo Draymond Green akampiga ngumi mazoezini, video ikavuja, dunia nzima ikaona. Msimu ukaisha, Poole akapelekwa Washington, na jina kubwa lililorudi lilikuwa Chris Paul. Kijana wa miaka 24 katoka, mzee wa miaka 38 kaingia. Ukitaka sentensi moja ya kuieleza Warriors ya miaka hii, ndiyo hiyo.

Mpango wao wenyewe waliuita njia mbili, wazee wanabeba kombe leo huku vijana wanakua kwa ajili ya kesho. Kwenye karatasi ni mtamu sana. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na kila mara kilichoponyoka kilikuwa kijana.

Kabla ya kushauri, tazama nyumba tatu ambazo nazo ziliwahi kukaa na wazee.

Nyumba ya kwanza ni Brooklyn Nets. Mwaka 2013 waliwanunua Kevin Garnett, miaka 37, na Paul Pierce, miaka 35, kutoka Boston Celtics. Wakalipa kwa zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, wakaongeza na haki ya Boston kubadilishana nao zamu ya 2017. Walichopata ni raundi moja ya mtoano. Pierce akaondoka baada ya msimu mmoja. Kufikia 2015/16 Nets walishinda mechi 21, uliofuata 20, na hata faraja ya kuchagua kijana mkali hawakuwa nayo, maana zamu zilikuwa za Boston. Celtics wakawapata Jaylen Brown na Jayson Tatum kupitia mlango huo. Mwaka 2024 wawili hao wakabeba ubingwa.

Nyumba ya pili ni Los Angeles Lakers. Aprili 2013 Kobe Bryant alikatika kano ya kisigino. Novemba, kabla hata hajarudi uwanjani, akapewa mkataba wa miaka miwili wa dola milioni 48.5 akiwa na miaka 35. Ilikuwa shukrani, sio hesabu. Lakers wakashinda mechi 27, kisha 21, kisha 17. Usiku wake wa mwisho, Aprili 13, 2016, Kobe alipiga pointi 60 na watu wazima wakalia. Na kulia wana haki. Lakini kilichowatoa Lakers shimoni ni LeBron James kuamua kuhamia kwao 2018, halafu vijana waliopatikana kwenye ile miaka mibovu wakatumika kumleta Anthony Davis. Ubingwa ukaja 2020. Sio kila timu inaamka asubuhi LeBron amegonga hodi.

Nyumba ya tatu ni San Antonio Spurs. Tim Duncan alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 21 kwa msimu. Mwaka 2012 akasaini mkataba mpya uliomlipa chini ya milioni 10 msimu uliofuata. Dakika zake zikapungua, mechi nyingine akapumzishwa. Wakati huohuo kulikuwa na kijana mmoja kimya kabisa, Kawhi Leonard, aliyechukuliwa namba 15 mwaka 2011, ambaye Spurs walimpata kwa kumtoa George Hill. Hawakusubiri mzee aumie ndipo wamjaribu. Walimpa kazi nzito mapema, akakosea mbele ya watu, akarudishwa tena uwanjani. Mwaka 2014 Spurs wakabeba ubingwa. Duncan alikuwa na miaka 38. Mchezaji bora wa fainali? Kawhi, miaka 22.

Ni kweli, Kawhi na Spurs walikuja kuachana vibaya 2018, na timu ikapitia miaka ya njaa. Hakuna mpango wenye dhamana ya milele. Lakini kati ya nyumba hizo tatu, ni moja tu ambayo mzee na kijana walishika kombe moja siku moja. Na ilitokea kwa sababu mbili: mzee alikubali kupungua, na timu ikamwamini kijana kabla hajahitajika.

Sasa wale wa "muuzeni Curry muanze upya". Hoja yao ni kwamba ukiuza, unapata zamu za drafti, na zamu ndizo kesho. Hapa Watanzania hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Drafti ya mwaka 2009, Memphis Grizzlies walikuwa na zamu ya pili. Wakamchukua kijana mrefu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, na nchi nzima ikasherehekea. Mchezo wake haukuwahi kusimama vizuri kule, na baada ya 2014 hakucheza tena NBA. Namba 3 alikuwa James Harden. Namba 7, siku ileile, alikuwa kijana mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson. Stephen Curry.

Kwa hiyo zamu ni bahati nasibu. Timu tano zilimpita Curry. Anayemuuza Curry ili apate zamu anauza ng'ombe wa maziwa ili anunue tiketi. Kijana halelewi na namba aliyochukuliwa, analelewa na dakika anazopewa.

Na hilo Warriors wanalijua kuliko mtu yeyote, maana walishawahi kulifanya. Msimu wa 2011/12 nyota wa timu alikuwa Monta Ellis. Mashabiki wa Oakland walikuwa wanamwabudu. Curry alikuwa kijana wa vifundo vibovu, msimu ule alicheza mechi 26 tu. Machi 2012 mabosi wakamuuza Ellis kwenda Milwaukee na kumwachia Curry timu. Siku chache baadaye mmiliki, Joe Lacob, akasimama uwanjani kwenye sherehe ya Chris Mullin, akazomewa na uwanja mzima mpaka maneno yakamkwama.

Leo hakuna anayekumbuka zile kelele kwa fahari. Bila uamuzi ule hakuna ubingwa wa 2015, hakuna ule msimu wa ushindi 73, hakuna makombe manne. Curry mwenyewe ni zao la timu iliyothubutu kumpa kijana asiye na uhakika funguo za nyumba, wakati kila mtu alitaka nyota wa siku ile abaki.

Basi la kufanya ni nini? Sio Kuminga lazima awe mfalme. Inawezekana kabisa hatafika huko, na inawezekana ndoa yake na Kerr imeshavunjika. Lakini kuna Moses Moody, aliyechukuliwa namba 14 mwaka uleule wa Kuminga. Kuna Brandin Podziemski, namba 19 mwaka 2023. Hawa wapewe mechi za Desemba na Januari kwa makusudi, Curry akiwa amekaa na afya yake, sio akiwa hospitali. Wamalize wao robo ya nne. Wapoteze mechi kadhaa kwa makosa yao wenyewe. Kanda ya Magharibi ni ngumu, na mechi tatu tu zinaweza kukushusha nafasi nne, hilo linaeleweka. Lakini msimu wa 2024/25 walimaliza nafasi ya saba wakiwachosha wazee kila usiku, na paja likadai malipo yake mwezi Mei.

Pili, msimu wa 2025/26 ulipoanza, mikataba ya Curry, Butler na Green haikuvuka majira ya joto ya 2027. Tarehe ilikuwa inajulikana. Zamu za drafti za baada ya hapo zisiguswe. Mtu akija na mzee mwingine mwenye jina, akitaka zamu ya 2028 au 2029, aonyeshwe picha ya Nets na afungiwe mlango kwa heshima. Kumtafutia Curry msaada kwa mali ya leo ni sawa. Kumtafutia kwa mali ya watoto ambao hata hawajaanza kucheza ni kumkopea mtu sherehe deni litakalolipwa na wengine.

Tatu, ukweli usemwe mapema. Klay Thompson alirudi Januari 2022 baada ya siku 941 za majeraha mawili makubwa, akabeba ubingwa mwaka uleule. Msimu wake wa mwisho akajikuta anaanzia benchi, na Julai 2024, baada ya misimu 13, akaenda Dallas. Aliporudi kama mgeni, mashabiki walivalishwa kofia za nahodha, kumkumbuka jamaa aliyekuwa akienda kazini kwa boti yake. Ilikuwa nzuri sana. Lakini kofia hazitibu kitu. Mzee anastahili kuambiwa "sasa unashuka, tukusaidie kushuka vizuri", kuliko kusifiwa mpaka siku anayokuta nafasi yake haipo.

Hapo ndipo zamu inamgeukia Curry mwenyewe. Hakuna kocha mwenye ubavu wa kumpunguza. Kerr hawezi, mabosi hawawezi, na mashabiki hawataki. Anayeweza ni yeye, kama Duncan. Siku atakaposema "mpeni yule kijana mpira wa mwisho, mimi nitasimama pembeni", Warriors watakuwa wameanza maisha baada ya Curry huku Curry bado yupo. Na ukiwa mtetezi wa timu pinzani, ukimwona Curry amesimama pembeni bila mpira, bado hulali.

Haya mdau, ungekuwa bosi wa Warriors leo, robo ya nne, tofauti pointi mbili, mechi ya Januari isiyo na kombe: mpira unampa nani?